Kope ya Jicho Ambalo Hatukuligusa

Mkishamchoma mtu sindano ya ganzi kwenye jicho la kulia, litazameni na la kushoto. Naanza na hilo kwa sababu nawajua vijana. Mnasoma kidogo, simu inalia, mnaondoka. Basi hata mkiniacha hapa hapa, mmeondoka na kitu.

Mliobaki, karibuni. Mimi ni Zaituni, mzaliwa wa Nyamityobora hapa Mbarara. Baba aliuza vitambaa na mafuta ya taa, na nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya dukani na ya chakula. Nilisomea uuguzi kama wenzangu wengine, lakini hospitali ya macho iliyoniajiri haikunificha sababu yake. Wagonjwa wake wengi walitoka kambi ya Nakivale, Wakongo na Warundi, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia "usitikise kichwa" wakaelewa. Nikaajiriwa kusema "usitikise kichwa". Nililisema mpaka nikastaafu. Mpaka leo mume wangu akiwa kwa kinyozi nalisema.

Nyinyi mnaoanza kazi ya macho sasa mnakuta mambo yamebadilika. Kuna matone ya ganzi, kuna mirija butu isiyochoma. Sisi tulianza na sindano ndefu. Mgonjwa wa mtoto wa jicho halazwi usingizi, anakuwa macho kabisa huku jicho lake linapasuliwa, kwa hiyo lazima jicho life ganzi na lisicheze. Daktari alikuwa anapitisha sindano chini ya jicho, kwenye kona ya nje, mpaka nyuma yake, anasukuma dawa, anatoa. Baada ya dakika chache jicho linasimama na kope ya juu inashuka taratibu. Kope ikishuka, tulifurahi. Maana yake dawa imefika. Kesho yake tukifungua bendeji, mara nyingi kope imekwisha kupanda.

Mwambieni mgonjwa habari hiyo kabla, si baada. Mtu ambaye hakuambiwa, akijaribu kufungua jicho na lisifunguke, anadhani mmemuulia jicho, na hamtampata tena.

Aliyenifundisha kazi ya chumba cha ganzi alikuwa afisa wa ganzi aliyeitwa Byaruhanga, mtu wa Bushenyi, mnene, mwenye mwendo wa pole na chupa kubwa ya bushera, uji mchachu wa mtama, aliyokuja nayo kila siku. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi ya jeshi, lakini alikitumia bila aibu. "Zaituni," aliniambia siku za mwanzo, "hapana funika uso bado. Kwanza mtu aongee." Hakumruhusu mtu yeyote kumfunika mgonjwa kitambaa cha upasuaji mpaka mgonjwa awe ameongea muda wa kutosha baada ya sindano, na mpaka yeye mwenyewe awe amelitazama jicho lile jingine. Alikuwa amesomea, na alikuwa amewahi kuona, ila hakusema aliona nini. Mimi nilidhani ni tabia tu ya mtu mwangalifu.

Basi tuliwaongelesha. Mchungaji mmoja wa ng'ombe kutoka Endiinzi alitutajia ng'ombe wake wote, jina kwa jina, na rangi, na mama wa kila mmoja. Tulipomaliza kumpasua alikuwa hajamaliza zizi. Daktari Kembabazi, mpasuaji wetu, alimwomba anyamaze kwanza apumzike, naye akajibu kwamba hawezi kuacha ndama nje.

Daktari Kembabazi mkumbukeni pia. Mwanamke mwembamba, mikono mitulivu, aliyewasha redio ndogo ya nyimbo za dini akifanya kazi. Nilimwona akipasua macho magumu ambayo wengine waliyakimbia. Nasema hivi mapema ili msije mkadhani yaliyotokea yalitokea kwa sababu ya mtu mzembe.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Papa Wilondja, Mkongo wa Kivu ya Kusini, fundi redio wa Misiera, kile kijiji cha maduka karibu na Base Camp pale Nakivale. Macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, mboni nyeupe kama maziwa. Bado alikuwa anatengeneza redio. Alizitengeneza kwa kupapasa. Vidole vyake vilikuwa na makovu kila mahali, kwa sababu chuma cha kulehemu huwezi kukipapasa. Mkewe, Mama Furaha, aliniambia kwamba alikuwa amemficha kile chuma mara nyingi, na mara zote mzee alikipata kwa harufu.

Walikuja na gari letu la kuchukua wagonjwa kambini, pamoja na wenzao wengi. Tuliwakalisha kwenye mabenchi ya korido, kila mmoja na kipande cha plasta juu ya nyusi ya jicho litakalopasuliwa. Papa Wilondja aliitwa wa kwanza. Jicho la kulia.

Alipolala kitandani alikuwa na maneno mengi. Nilimshika mkono, nikamwambia asitikise kichwa. Daktari Kembabazi akachoma sindano kama alivyochoma maelfu, akatoa, akalibonyeza jicho kwa kitambaa. Hakuna damu, hakuna kelele. Nikamwuliza mzee ni redio gani iliyomsumbua zaidi maishani.

"Ile ya pasta," akasema. "Ya kanisa letu. Nilitengeneza vizuri, lakini kila siku ya Mungu ikawa inashika tu mupira. Pasta anahubiri, ile kitu inasema goli! Batu banasimama, banapiga makofi, pasta anafikiri ni..."

Tukacheka. Nilimwambia aendelee.

"Anafikiri ni... Roho..." Akanyamaza kidogo. "Mama muganga. Ulimi inakuwa muzito."

Sauti yake ilikuwa inashuka kama redio ambayo betri zinaisha. Byaruhanga alikuwa tayari ameinama juu yake.

"Mzee. Fungua jicho la kushoto. Mzee!"

Nikalitazama lile jicho la kushoto, ambalo hatukuligusa. Halikuchomwa, halikubonyezwa, hata tone halikutiwa. Kope yake ilikuwa inashuka. Niliitazama ikiteremka polepole, bila papara, mpaka ikafunga. Byaruhanga akaiinua kwa kidole gumba. Mboni, na ule weupe wake wa mtoto wa jicho, ilikuwa imetanuka, na jicho halikuwa linatazama popote.

"Dawa imeingia kwa ubongo," akasema. Wala hakupaza sauti. "Hapumui. Ambu. Sasa."

Wanangu, nimeona watu wakifa, na nimeona watu wakizaliwa. Sijawahi kupigwa na kitu kama nilivyopigwa na ile kope. Miguu yangu ilijua kabla ya kichwa changu. Nikakuta nimekwisha kumpa Byaruhanga ile ambu, mfuko wa kupumulishia, na sikumbuki kuutoa ukutani. Kifua cha Papa Wilondja kilikuwa kimesimama. Mtu aliyekuwa anatuchekesha sasa hivi amelala mdomo wazi, hapumui.

Byaruhanga alimvuta taya juu, akabana kinyago usoni, akaminya mfuko. Kifua kikapanda. Akaminya tena. Daktari Kembabazi alikwisha kufungua oksijeni na kutafuta mshipa wa dripu, huku midomo yake ikimwita Mungu wake, "Ruhanga wangye, Ruhanga wangye." Mimi niliwekwa kwenye mapigo ya shingo.

"Yapo?"

"Yapo."

"Basi ongea na yeye. Pengine anasikia."

Niongee nini? Nilikuwa na kazi ya kuongea na wagonjwa kwa miaka. Nikainama sikioni mwake nikasema kitu cha kwanza kilichokuja. "Papa Wilondja, usitikise kichwa." Na mtu mwenyewe hakuwa anaweza kutikisa hata unywele.

Hapo mlango ukafunguka. Mama Furaha alikuwa amesikia kicheko kimekatika, akaja kuchungulia. Alichokiona ni mumewe amefunikwa mdomo na mtu mnene anamkandamiza.

"Banamuua!" akapiga kelele. "Banamuua bwana yangu!"

Korido ikaondoka. Sina neno jingine. Wale wazee wote, kila mmoja na plasta yake juu ya nyusi, wengine hawaoni macho yote mawili, waliinuka kwa pamoja wakaenda. Waligonga kuta, walishikana mashati, mmoja aliingia stoo ya mashuka akafunga mlango. Getini nilisikia askari wetu akipiga kelele, "Nyinyi nakwenda wapi? Wewe mzee, hiyo si barabara, hiyo ni mtaro! Rudi, bambi, tafadhali, hakuna mtu amekufa!" Lakini yeye mwenyewe hakuwa anajua kama hakuna mtu amekufa. Hata sisi hatukuwa tunajua.

Byaruhanga aliendelea kuminya. Jasho lilimtoka likamdondokea mgonjwa kifuani. Hakubadilisha mwendo, kila mara ule ule, minya, achia. Mama Furaha aliketi sakafuni mlangoni, akashika mguu wa kitanda, akawa anaita jina la mumewe, lile la ujana ambalo sisi hatukulijua. Hatukumtoa. Nani angemtoa?

Kisha kifua kikashtuka chenyewe, kama mtoto aliyelia sana. Kikatulia. Kikashtuka tena. Byaruhanga akasimamisha mkono, akangoja, na kungoja huko kulikuwa kubaya kuliko kote. Pumzi ikaja. Nyingine ikafuata. Baadaye sana, tulipokuwa hatuthubutu hata kuketi, ile kope ya kushoto ikatetemeka na kuanza kupanda.

Daktari Kembabazi aliuegemea ukuta akashuka mpaka sakafuni, akaketi kando ya Mama Furaha, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Wanawake wawili wasio na lugha moja walishikana mikono pale chini.

Papa Wilondja alipopata ulimi wake, aliniita. "Nilisikia yote," akasema. "Nilisikia mukisema sipumui. Nilitaka kuwaambia ni kweli. Mudomo ikakataa."

Nilitoka nje kuwakusanya wale wazee wa korido.

Sasa sikilizeni maana yake. Mshipa wa fahamu wa jicho umevikwa mfuko mwembamba unaoendelea mpaka kwenye maji ya ubongo. Mara chache sana, sindano ya nyuma ya jicho inaingia ndani ya ule mfuko, na dawa badala ya kubaki machoni inasafiri. Jicho la pili linalegea, ulimi unakuwa mzito, na pumzi inakatika. Dawa ikiisha nguvu, mtu anarudi mzima, ila tu kama yupo wa kumpumulia mpaka hapo. Mikono mizuri haizuii kila kitu. Kinachomwokoa mtu ni uso usiofunikwa mapema na mfuko ulioning'inia mahali pake. Kope ya jicho lililochomwa ikishuka, endeleeni na kazi. Ya jicho jingine ikishuka, acheni yote.

Hatukumpasua siku ile. Alilala kwetu tukimtazama, kisha akarudi Nakivale na mtoto wake wa jicho macho yote mawili. Na gari la wagonjwa likawa linakwenda Base Camp na kurudi tupu. Habari ilikuwa imefika kabla yetu: Mbarara banachoma mutu kwa jicho, anakufa, kisha banamufufua.

Daktari Kembabazi ndiye aliyesema twende. Siku ya zamu yetu ya kambini aliniomba nimpeleke Misiera, na akaketi kwenye kigoda mbele ya kibanda cha Papa Wilondja, katikati ya redio zilizofumuliwa. Mimi nilitafsiri.

"Mwambie kilichompata kilitokana na sindano yangu," alisema. "Mwambie nasikitika. Na mwambie lile jicho bado linaweza kuona."

Mama Furaha hakungoja nimalize. "Hapana. Alikufa mara moja, inatosha. Mimi na huyu kipofu tumezoeana."

Papa Wilondja alikuwa anageuza bisibisi mkononi. "Kuna njia ingine?" akauliza.

Daktari akamweleza. Sindano fupi, kandokando ya jicho, isiyofika kule nyuma. Hatari yake ni ndogo zaidi, lakini hakumwambia kwamba haipo.

"Ule mutu munene atakuwako?"

"Byaruhanga? Atakuwako."

"Basi naenda."

Mama Furaha aliingia ndani akabamiza mlango. Siku ya safari alikuwa wa kwanza kupanda gari.

Mara hii niliongea na mzee mpaka koo likakauka, na macho yangu hayakutoka kwenye jicho la kushoto. Lilibaki wazi, likipepesa kama kawaida. Upasuaji ulikwisha vizuri. Byaruhanga alikunywa bushera yake yote kwa mkupuo mmoja.

Asubuhi tukafungua bendeji. Jicho limefumba. Kope ya kulia ilikuwa imelala, imevimba kidogo, na mzee alipojaribu kuiinua, kilichoinuka ni nyusi tu. Mama Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake ikikatika.

Daktari Kembabazi akaiinua kope kwa kidole. Mboni ilikuwa nyeusi, safi. Papa Wilondja alitazama dari, akatazama mkono wake mwenyewe mbele na nyuma. Akanitazama mimi.

"Kumbe uko muzee!" akasema. "Sauti yako ilinidanganya."

Tukacheka na kulia. Kisha daktari akaondoa kidole, na kope ikashuka. Giza.

"Itapanda," daktari alisema. "Leo au kesho."

Haikupanda kesho. Wala wiki iliyofuata. Sijui kama mnaelewa adhabu hiyo, kuona kupo, kumefichwa tu nyuma ya kingozi chembamba, na jicho la pili bado limefunikwa na weupe. Daktari alimpima kila alipokuja na hakupata ubaya mwingine. Ule msuli unaoinua kope ni mwembamba, alinieleza nimtafsirie. Huenda dawa ya ganzi imeuumiza, au uvimbe, au kile chuma tunachotumia kushikilia jicho wazi. Kwa mzee huchelewa kupona. Wengi hupona katika wiki kadhaa, wengine miezi. Asiyepona hupasuliwa kope, lakini si mapema, kwa sababu ukikaza msuli ambao ungepona wenyewe, utamwacha mtu asiyeweza kufunga jicho. "Tungoje," alisema. Neno gumu kuliko yote niliyowahi kutafsiri.

Misiera hawakungoja. Walisema jicho lake balitoa, batu ba Mbarara bakalipeleka fasi ingine. Nilikwenda kumwona nikiwa na hofu hata ya kushuka kwenye boda.

Nilichokikuta kilinisimamisha barabarani. Papa Wilondja ameketi mezani, chuma cha kulehemu mkononi, moshi unapanda. Mama Furaha amesimama nyuma ya kiti, kiuno kimeegemea mgongo wa mumewe, mkono umepita juu ya kichwa chake, na kwa ncha ya kidole ameishika kope juu. Mzee anapepesa, yeye analegeza. Mzee anasema "sasa", yeye anainua. Mkono mwingine anauzia wateja.

"Tulijaribu plasta," akaniambia bila kugeuka. "Ikachubua ngozi. Kidole ni muzuri zaidi. Usiniangalie vile, mikono ninanawa na sabuni, kila asubuhi, mbele ya kumugusa."

"Unachoka, Mama Furaha."

"Mingi sana," akasema. "Wewe ingia, ukae. Unatuzibia mwangaza."

Niliketi. Huyu ndiye mwanamke aliyemwaga korido yangu yote getini. 

Daktari Kembabazi alikuwa ameanza kusema kwamba tumengoja vya kutosha na kwamba tupange siku ya kuikaza kope, pale Mama Furaha aliponipigia simu. Ilikuwa asubuhi, mimi nakaanga chapati. Nilisikia mayowe, na nyuma yake mayowe ya majirani, na moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwenye kile chumba cha ganzi.

"Amekufa?" nikauliza.

"Nani amekufa? Jicho imefunguka!"

"Pole pole, Mama Furaha. Imefungukaje?"

"Niliamuka. Nikasema niende kunawa mikono, kisha nimufungue jicho kama kila siku. Nikageuka. Nikakuta ananiangalia! Mama, nikaruka kitanda, nikakimbia mpaka inje na nguo ya kulala. Majirani banafikiri ni kifo, banajaa hapa."

"Na yeye alisema nini?"

 Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, na redio.

"Alisema nisikimbie. Alisema hakuamuka sasa. Tangu mwangaza iingie alikuwa macho, analala kimya, ananiangalia. Nikamuuliza, sasa wewe, jicho inafunguka, unakosa kuniamusha?"

"Akajibu nini?"

"Alisema, miaka yote hii nilikuwa nakusikia tu unalala. Leo nilitaka kuona."

Chapati iliungua. Niliiacha iungue.